Mama Sukari

Asubuhi ambayo Luhende alikatiwa utamu, Tusekile Mwambungu aliamka mapema, akaoga, akavaa blauzi yake ya kufanyia mitihani. Kwa nini mtu ajipambe kwenda kukaa peke yake chumbani na mlango umefungwa, hilo angelijibu mwenyewe. Wifi yake Atupele alimwona akipita ukumbini na kikombe cha chai, akamuuliza kama siku hizi wanaume wanaposa kwa mtandao. Tusekile alicheka, akaingia, akazungusha ufunguo.

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga mabati kama inayadai. Ndani, Tusekile alivaa miwani, akashika mpini kwa mkono wa kulia, na Tukuyu ikapotea. Sasa alikuwa kwenye dari ya Ukumbi wa Nne wa Kituo cha Lukwaya, mikoa kadhaa kutoka hapo, akiwatazama kutoka juu wanaume wanane waliokuwa wanasubiri uji.

Wote wanane walikuwa na punje nyuma ya sikio la kushoto, ndani ya mfupa. Katika mpini wa Tusekile kulikuwa na vitufe vinane. Akibonyeza kimoja, mtu mmoja kule ukumbini alipata utamu. Ni utamu gani, walioupata hawakuwahi kukubaliana. Mmoja alisema ni kama kuitwa na mama yako ukiwa mdogo na unajua hujakosea kitu. Mwingine alisema ni kama maji ya kunywa baada ya kuchimba kaburi. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba mtu akishaupata atafanya lolote aupate tena, na hilo ndilo serikali ililolipenda.

Sheria ilikataa utamu utolewe na mashine. Ilitaka mkono wa mtu, tena mkono mmoja kwa ukumbi mmoja, ili likitokea la kutokea ajulikane wa kuulizwa. Mikono ikawa haitoshi. Hapo ndipo vyuo vya mtandaoni vilipopata neema, maana kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uchambuzi wa tabia alihitaji saa za mazoezi chini ya msimamizi kabla hajaruhusiwa kufanya mtihani wa cheti. Vituo vilitaka mikono, wanafunzi walitaka saa, wakaoana. Wanaume wa ukumbini walikuwa wauaji na wavunja mifupa ambao mahakama ilikwisha kuwakatia tamaa, lakini kwenye taarifa za chuo waliitwa wanufaika.

Mkono haukuruhusiwa kusema. Sauti nayo ni tuzo, walifundishwa katika muhula wa kwanza, na tuzo isiyopimika inaharibu kazi. Kwa hiyo wanaume wale hawakuwahi kumsikia Tusekile hata akikohoa. Walijua tu kwamba huko juu, nyuma ya jicho la kioo, kuna mtu. Walimwita Mama Sukari, na alipokuwa mkarimu walimwimbia.

"Uko tayari?" aliuliza Dakta Bakilana. Msimamizi huyo alikuwa kwake Bukoba, na uso wake ulionekana kwenye kona ya miwani, mnene na mpole, ukipulizia kahawa.

"Niko tayari, Dakta."

"Niambie mpango wako. Kwa maneno yako, siyo ya kitabuni."

"Luhende akipiga mtu, hapati kitu. Hapati utamu, haoni askari, hatazamwi. Akitulia, anapata. Askari wote nimewatoa, wako nyuma ya lango la pili."

"Na tabia yake itafanyaje?"

"Itapanda kwanza, ndiyo ishuke."

"Itapanda mpaka wapi?"

"Mpaka ikate tamaa," alisema Tusekile, na Dakta akatikisa kichwa kwamba sawa.

Mpango ulikuwa wake kweli, na alikuwa na haki ya kujivunia. Kwa wiki nyingi alikuwa amemchunguza Luhende akitafuta kitu kimoja tu ambacho somo lao linakitafuta: mtu huyu anapata nini anapopiga? Akagundua jambo ambalo waliomtangulia wote walilifanya bila kulitazama. Luhende alipomrukia mtu, askari walikimbia kuamua ugomvi, na mwanafunzi aliyekuwa zamu, kwa kuogopa askari wasiumizwe, alimpa utamu ili atulie. Alitulia papo hapo. Kila mtu alishukuru Mungu, na kesho yake Luhende alipiga tena. Tusekile aliandika katika tasnifu yake kwamba Luhende si mkorofi, ni mfanyakazi mwadilifu anayefanya kazi anayolipwa. Kundi la darasa lilijaa picha za makofi.

Lakini hakuwa anatafuta makofi tu. Luhende alikuwa na binti Kahama aitwaye Kabula, na mahakama ilisema akikaa mpaka mavuno bila kumgusa mtu, arudishwe nyumbani. Akimjeruhi mtu mwingine hata mmoja, anahamishiwa Nyumba ya Pili, ambako hakuna ukumbi wala uji wa pamoja, na hajatoka mtu. Tusekile alikuwa amemfundisha Luhende kusalimia, kupanga foleni, kumpisha mwenzake. Alimtaka aende kwao. Alitaka na cheti pia, tusimpambe kupita kiasi, lakini ukimwamsha usiku umuulize lipi kwanza, angesema Luhende.

*

Uji uliletwa na Magesa. Yeye naye alikuwa mnufaika, mkubwa wao kwa umri, na kwa kuwa hakuwa amemgusa mtu kwa miaka alipewa upawa. Ulikuwa upawa wa chuma, mzito, na katika mpango wote wa Tusekile wenye michoro na marejeo haukutajwa popote.

Luhende alipofika mbele ya sufuria alipiga meza kwa ngumi. Hakuwa na hasira. Alipiga kama mtu anayebisha hodi, kisha akainua uso akalitazama jicho la dari na kusubiri.

Tusekile hakubonyeza.

Akapiga tena, vikombe vikaruka. Akatazama juu. Wanaume sita waliokwisha kuketi waliweka mikono mapajani na kuinamisha vichwa. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya Tusekile, tena ile aliyoipenda kuliko zote: ugomvi ukianza, anayekaa, akaweka mikono mapajani na kutazama chini, anapata. Zamani ugomvi wa wawili uligeuka wa wanane. Siku hizi walikaa kama watoto wa shule ya Jumapili.

Alibonyeza vitufe vyao sita. Mabega sita yalilegea.

"Vizuri," alisema Dakta. "Luhende?"

"Hapati."

Luhende aliona. Aliwaona wenzake sita wakilegea, akagusa nyuma ya sikio lake kama mtu anayekagua redio iliyokata sauti. Akapiga kichwa ukutani. Akarudia, kwa nguvu zaidi, na ngozi ya paji la uso ikapasuka.

"Mama Sukari!" aliita. "Mama, mimi hapa!"

Tusekile hakuogopa. Haya yote alikuwa ameyaandika. Alikuwa hata amechora mstari, ukipanda kama mlima Rungwe na kushuka upande wa pili.

Kisha Magesa akasema neno. Alilisema kwa upole, na hakuwa na sababu ya kutolisema. "Kaa chini, mdogo wangu. Uji unapoa."

Luhende alimgeukia. Alichukua upawa kutoka mkononi mwa Magesa, bila kumpokonya, kama mtu anayepokea kitu alichopewa. Akampiga nao mdomoni.

Magesa aliketi sakafuni. Hakulia, alishangaa tu, akatema meno mawili kwenye kiganja akayatazama. Luhende aliinua uso kwenye jicho la dari. Akasubiri. Hakupata kitu. Akampiga Magesa sikioni, na safari hii mzee alipiga yowe.

Lango la pili lilijifunga lenyewe. Lilitengenezwa hivyo baada ya askari wawili kuuawa katika ukumbi mwingine: makelele yakizidi, chuma kinashuka, na hakipandi mpaka ukumbi uwe kimya kwa dakika tatu mfululizo. Halikuwa na ufunguo, ili asitokee mtu wa kutishwa alifungue.

"Mtaalamu!" Ilikuwa sauti ya Afande Mkwizu, mkuu wa zamu, kwenye redio. "Mtaalamu, huku nje tunasikia mtu anauawa. Mpe huyo bwana dawa yake atulie!"

"Usimpe," alisema Dakta Bakilana.

"Dakta, anampiga upawa wa chuma."

"Naona. Sikiliza, Tusekile. Ukimpa sasa hivi, umemfundisha kwamba ngumi ya meza haitoshi, kichwa ukutani hakitoshi, kinachotosha ni hicho anachokifanya sasa. Kesho ataanzia hapo. Na hao sita wanaona. Umeliandika mwenyewe, ukurasa wa arobaini na kitu."

Alikuwa ameliandika. Luhende alimkalia Magesa kifuani na kumpiga upawa usoni, akasita, akatazama juu, akapiga, akatazama juu. Hapo ndipo palipomtia Tusekile baridi. Yule mtu hakuwa anamwangalia anayempiga. Kila pigo lilikuwa linaelekezwa kwake, Tusekile, huko Tukuyu, kama barua. Taya la Magesa lilikwenda upande. Uji uliomwagika ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

Mlango wa chumba uligongwa. "Wifi!" aliita Atupele. "Unaangalia sinema gani ya makelele hivyo asubuhi yote hii? Mtoto anaogopa!"

"Nimo darasani!" alijibu Tusekile, na sauti ilimtoka ya mtu mwingine.

Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe cha Luhende. Akibonyeza, Magesa anapona na Luhende anakwenda Nyumba ya Pili akiwa amefuzu uuaji. Asipobonyeza, Magesa anakufa, na Luhende anakwenda vilevile. Aliwatazama wale sita. Mikono mapajani, vichwa chini, damu imewarukia mpaka miguuni, na hakuna aliyesogea. Wanaume sita wazima, wawili kati yao waliwahi kubeba magunia bandarini. Wangeweza kumwondoa Luhende kama unavyomwondoa paka mezani.

Walikuwa wamekaa kwa sababu yeye aliwafundisha kukaa.

*

"Nitawachonga," alisema.

"Utamchonga nani?" aliuliza Dakta.

"Hao sita. Wamwondoe."

Kuchonga tabia ni somo la muhula wa pili, na wanafunzi hulipenda kwa sababu linafanana na uchawi. Unataka mtu afanye jambo ambalo hajawahi kulifanya. Basi unangoja afanye kipande chake kidogo kabisa, unamlipa. Halafu kipande kikubwa zaidi. Bila kumwambia neno hata moja unamfikisha popote unapotaka. Tusekile alikuwa na alama za juu kabisa katika kuchonga. Katika mtihani wa vitendo alimfanya kuku azunguke kikombe mara mbili na kukiangusha.

"Hujawahi kufanya na watu wengi pamoja," alisema Dakta.

"Nizuie basi, Dakta."

Dakta hakumzuia. Sheria ilimpa nafasi ya kushauri tu, mkono ulikuwa wa Tusekile. Labda pia, kwa siri ya moyo wake wa kiualimu, alitaka kuona.

Tusekile aliacha kuwalipa waliokaa. Akangoja. Mmoja wao, fundi ujenzi aliyeitwa Ndimbo, aliinua kichwa nusu kutazama kwa nini utamu umekatika. Akabonyeza. Macho ya Ndimbo yalipanuka, kichwa kikainuka chote. Akabonyeza. Ndimbo alimtazama Luhende. Akabonyeza. Ndimbo aliondoa mkono mmoja pajani, akalipwa, akaondoa wa pili, akalipwa, akasimama. Darasa zima lingempigia Tusekile makofi, maana kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai alikuwa amelivunja somo la miezi mitatu na kujenga jingine. Wengine watano walimwona Ndimbo anavyong'aa usoni. Hawakuhitaji kufundishwa. Walisimama, wakalipwa. Walisogea, wakalipwa.

"Mungu wangu," alisema Dakta polepole. "Endelea."

Ndimbo alimshika Luhende kola kwa nyuma, akamvuta kutoka kifuani kwa Magesa. Upawa ulianguka. Hapo, pale pale, kwenye kile kitendo safi cha mkono unaomwondoa mtu juu ya mtu, Tusekile alibonyeza vitufe vyote sita kwa nguvu zake zote.

Mvua ilikuwa inapiga Tukuyu. Hilo hakulifikiria. Mtandao ulikwama, kama unavyokwama kila siku ya mvua, akiwa anasikiliza mihadhara na sura ya mhadhiri inaganda mdomo wazi. Ni kitambo kidogo tu, cha mtu kuvuta pumzi. Lakini katika kitambo hicho Luhende aligeuka na kumng'ata Ndimbo mkono, na Ndimbo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alimpiga goti la mbavu. Mbavu zililia. Wengine walikuwa wameshafika, na mmoja wao akamkanyaga Luhende tumboni.

Hapo ndipo utamu ulipofika.

Neno la kwanza kabisa la somo la kwanza kabisa, ambalo hata waliofeli wanalijua, ni kwamba tuzo ikichelewa inalipa kisichokusudiwa. Tusekile aliona nyuso sita zikijaa furaha juu ya mtu anayekanyagwa. Alielewa kabla hawajafanya kitu. Akafumbua mdomo kupiga kelele, akakumbuka kwamba mkono hausemi, akaufumba. Mazoea gani hayo, jamani. Mtu anakwenda kufa na yeye anakumbuka kanuni.

Ndimbo alipiga goti lingine, akatazama juu.

Tusekile alinyanyua vidole vyote kutoka kwenye vitufe kama vimeshika moto.

"Usikate!" Dakta alikuwa amesimama, kahawa imemmwagikia. "Tusekile, ukiwakatia sasa—"

Hakuhitaji kumalizia. Ukikata tuzo, tabia inapanda kwanza ndiyo ishuke. Walikuwa wamelipwa kwa pigo, sasa hawalipwi, kwa hiyo wakapiga zaidi. Walipiga kwa ngumi, na kila mmoja akipiga alitazama juu. Hawakupata. Wakapiga kwa visigino. Luhende alijikunja kama mtoto, akaufunika uso kwa mikono, wakaivuta mikono. Mtu mmoja aliikanyaga na kidole kikavunjika kwa mlio uliosikika mpaka Tukuyu. Mwingine alikwenda kuchukua benchi.

"Walipe wanaoacha!" alisema Dakta. "Mtafute anayeacha, hata kidogo!"

"Hakuna anayeacha!"

"Mtafute!"

Tusekile alimtafuta. Machozi yalijaa ndani ya miwani na hakuweza kuyafuta. Alitafuta mkono mmoja uliotulia, mguu mmoja uliorudi nyuma. Benchi liliinuliwa, likashuka juu ya goti la Luhende, na mguu ukakunjika kule ambako mguu haukunjiki. Luhende alipiga ukelele wa kumwita Kabula. Tusekile alikuwa amesoma jina hilo katika faili mara nyingi na hakuwahi kumsikia akilitamka. Benchi likapanda tena. Mtu mmoja, mfupi, alisita ili avute pumzi, na Tusekile akambonyeza. Akaona utamu unafika, umechelewa tena, yule mfupi akiwa ameshainua kisigino.

Alipaswa kusubiri mapumziko marefu kuliko kukwama kwa mtandao. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwapo, na aliifanya: asilipe pumzi, alipe kuchoka. Angoje wachoke. Maana yake aliijua vizuri sana, maana yake ni aache wapige. Akaacha. Benchi lilishuka kichwani mwa Luhende, na Luhende akaacha kuita. Likashuka tena. Sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya kitu chenye maji ndani.

Sasa walikuwa wanahema. Ndimbo aliliachia benchi, akainama, mikono magotini. Alikaa hivyo. Tusekile alihesabu kimya moyoni, akabonyeza, na utamu ukamkuta bado ameinama. Akambonyeza mfupi. Akawabonyeza wote, mmoja mmoja, kwa kuinama, kwa kurudi nyuma, kwa kuketi. Walirudi kwenye viti vyao. Mmoja aliweka mikono mapajani kwanza, wengine wakafuata.

Luhende alibaki katikati ya ukumbi. Uso haukuwepo.

*

Magesa alikuwa hai. Alikuwa amelala ubavu karibu na miguu ya Ndimbo, taya limelegea, na kila alipopumua damu ilitoa povu. Hakuwa na uwezo wa kusogea. Kama wale sita wangetaka wa kupiga, huyo ndiye aliyebaki.

"Mtaalamu," redio ilisema. Afande Mkwizu alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama mtu aliye msibani. "Huku lango linahesabu. Limeanza kuhesabu. Kimya hicho kikikaa tunaingia. Nina daktari hapa na machela. Kuna anayepumua?"

"Mmoja," alisema Tusekile.

"Ni Luhende?"

Tusekile alirudisha macho kwa wale sita.

Ndimbo aliinua uso. Damu ya Luhende ilikuwa imemfika kwenye kope. Alikuwa anatabasamu kidogo, kwa haya, kama mtu aliyemaliza kazi ya mwenye nyumba na sasa yuko barazani anangoja.

"Mama Sukari," alisema. "Tumemtoa. Mzee tumemwokoa. Mbona kimya?"

Watano wengine waliinua nyuso nao.

"Mama, tumekosea?"

Tusekile alitamani kuwaambia. Maneno alikuwa nayo tayari: ndiyo, mmekosea, mmemuua mtu, na mimi ndiye niliyewatuma. Lakini akisema wataanza kupiga kelele, na lango litaanza kuhesabu upya, na Magesa hana dakika za kuanza upya. Akinyamaza bila kuwapa, atakuwa amewakatia tena. Mguu wa Ndimbo ulikuwa umeanza kutikisika. Kisigino kilikuwa kando ya sikio la mzee.

Na akiwapa? Walikuwa wamekaa kimya, mikono mapajani, mbele ya maiti waliyoitengeneza. Akiwapa sasa, basi amelipa kazi yote, kuanzia kola mpaka benchi. Ni yeye atakayekuwa ametia muhuri. Kesho mkono mwingine utakaa hapa, mwanafunzi mwingine wa mahali fulani mwenye blauzi safi, na wanaume hawa watajua kwamba kuna jambo kubwa kuliko yote ambalo Mama Sukari analipenda.

"Dakta," alisema. "Nifanye nini?"

Dakta Bakilana aliinamisha uso. Kisha akasema, "Mkono ni wako."

Kisigino cha Ndimbo kilinyanyuka kutoka sakafuni.

Tusekile alibonyeza. Alibonyeza vitufe vyote sita, na kisigino kikashuka taratibu, na nyuso sita zikafunguka pamoja. Walicheka kwa sauti ndogo, ya chini, ambayo lango halikuiona kuwa kelele. Akangoja kidogo, akabonyeza tena. Akawa anawalipa kwa kukaa, na kwa kukaa, na kwa kukaa. Mmoja alianza kuimba ule wimbo wao wa Mama Sukari, polepole, kama anambembeleza mtoto, na wengine wakamfuatisha kwa kuguna. Katikati yao damu ya Luhende ilizidi kutandaa sakafuni. Tusekile alilia bila kutoa sauti na hakukosea hata mbonyezo mmoja. Kidole kilikuwa chepesi, kinajua kazi yake. Alijichukia jinsi kilivyokuwa kinajua.

Lango lilipanda. Askari waliingia na ngao, wakakuta hakuna wa kupigana naye. Wanaume sita walinyoosha mikono ya kufungwa pingu wenyewe. Daktari alipiga magoti kwa Magesa, akamwekea kitu puani, akainua kidole gumba kuelekea dari. Machela ilipita. Afande Mkwizu alivua kofia akasimama juu ya Luhende, akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kumfunika, akavua koti.

"Magesa anaishi," ilisema redio baada ya muda. "Daktari anasema angechelewa kidogo tu, basi."

Tusekile aliuachia mpini. Mkono ulibaki umekunjwa vilevile na haukutaka kufunguka. Atupele alikuwa ameanza tena kugonga mlango, safari hii kwa hofu, akimwita kwa jina. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Kwenye kona ya miwani, Dakta Bakilana alikuwa anapangusa macho kwa kiganja. Alikuwa amezeeka ghafla. Alivuta pumzi, akatafuta neno la kumpa mtoto wa watu aliyetoka kwenye jambo kama lile, akampa lile alilokuwa nalo.

"Vizuri, Tusekile," alisema kwa upole. "Ile ya mwisho. Umefanya vizuri sana."

Joto lilimpanda kifuani kabla hajaweza kulizuia, likamfika shingoni, likamlegeza mabega. Alielewa ni nini. Alielewa na kinacholipwa ni kipi, na kesho atakuwa tayari kufanya nini ili alisikie tena. Akapeleka mkono mdomoni kwa hofu, lakini alikuwa ameshatabasamu.